Datsun ya Mjane wa Kiseke

Jumanne, 4 Machi 2025

Mayala kaninyang'anya funguo za pikapu. Mtoto wa kumzaa mwenyewe! Ati nimegonga tanki la maji la jirani. Tanki lilikuwa njiani – mtu mwenye akili anaweka tanki njiani? Mimi nimeshika usukani kabla huyo jirani hajajua kuvaa viatu. Nimepeleka ng'ombe Shinyanga barabara ikiwa tope tupu, tope hadi mlangoni, sijawahi kuvutwa na mtu.

Anasema mbele ya mama yake: Baba, mguu wako wa kushoto haukanyagi klachi tena, siku moja utaua mtu. Mguu! Mguu ulisinzia kidogo tu. Hata askari wa lindo husinzia.

Evelina anachambua mchele, kimya. Kimya cha mke wangu nakijua. Yuko upande wa mtoto.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Nimekwenda kanisani kwa bodaboda. Mimi Shigela, mnunuzi wa ng'ombe ninayejulikana kutoka hapa Igoma mpaka Magu, nimepakiwa nyuma kama gunia la mkaa! Kushuka, goti likagoma. Nikajifanya naangalia tairi la pikipiki. Dereva akauliza, mzee kuna pancha? Nikamwambia ipo njiani inakuja.

Baada ya misa nikasikia wanawake wa kwaya wanaongea. Mama Noela, yule Mhaya wa Kiseke, mjane wa daktari, anataka kurudi kwao Bukoba na anauza gari la marehemu. Moyo ukaruka. Gari lile nalijua! Datsun ya mashindano, milango miwili, pua ndefu kama mamba, rangi ya chungwa. Daktari alikuwa anapita nalo Jumapili, kioo kafunga, hashuki, hasalimii mtu. Maringo ya kisomo.

Zamani nikiwa kijana nilisukuma moja kama lile, limekwama matopeni siku ya mashindano. Likatoka, likanimwagia tope usoni, likaenda. Hata asante! Nikaapa siku ile kwamba na mimi nitakalia kiti kile. Sasa ndiyo siku.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewaambia wakati wa kula. Mayala kacheka hadi ugali ukampalia. Baba, gari la vijana hilo, liko chini kama mkeka. Nikamwambia chini ndiyo mwendo – nyoka yuko juu?

Basi akatoa neno. Ukiliendesha mwenyewe likatoka geti la Mama Noela, nakurudishia funguo za pikapu na habari ya mguu sitaisema tena. Usipoweza, basi, kuendesha kumekwisha. Pikapu, na hilo pia.

Nimekubali. Nimempa mkono. Evelina akasema: Baba Mayala, mkono umeutoa haraka. Mwanamke huyu!

Jumapili, 9 Machi

Mayala anataka twende na fundi. Apolinary, wa gereji ya Buhongwa. Fundi gani, kijana suruali imembana hawezi hata kuinama? Mimi nakagua mwenyewe. Kukagua ni kukagua. Mnadani nani amewahi kuniona na daktari wa mifugo?

Simtazami ng'ombe meno wala nundu kwanza. Namwinua. Aliyelala nampiga kijiti mkiani. Akiinuka mara moja, tunaongea. Akianza kujivuta – matako juu, magoti bado chini, kaganda hapo anakutazama – naondoka. Muuzaji atasema kachoka na safari. Wote wanasema hivyo! Kachoka na safari!

Mayala nilimfundisha hilo akiwa mdogo hamfikii ndama mgongoni. Tunachuchumaa pembeni, shavu mkononi, tunatazama tu, hatusemi kitu. Muuzaji anaanza kutoka jasho mwenyewe. Mafundi wa siku hizi hayo watayajulia wapi?

Jumanne, 11 Machi

Goti limevimba. Mbu tu. Evelina kanikanda kwa maji ya moto na chumvi. Sikulia. Nilikohoa.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikiwa ndani ya gari. Niandike kwa mpangilio, nafasi ninayo.

Tumefika Kiseke asubuhi, mimi, Mayala na huyo fundi. Nimevaa suti. Mama Noela katoka anajifuta mikono.

– Shikamoo mzee Shigela. Umekuja kununua gari au kuposa?

Fundi akacheka kama mbuzi. Marahaba, nikasema, nionyeshe mnyama.

Liko kwenye banda la bati, limefunikwa turubai. Turubai likavutwa. Sitaandika nilivyojisikia. Paa limepita kiuno kidogo tu – gari gani hili, kiatu! Nikaweka kiganja kwenye boneti. Moto! Nikamwambia, Mama Noela, janja hiyo naijua. Mmeliwasha alfajiri ili tukija lisisumbue. Ni kama wale wanaomlambisha ng'ombe chumvi anywe maji tumbo lijae.

– Paka alikuwa amelala hapo, mzee. Katoka sasa hivi.

Mayala akageukia ukuta, mabega yanatikisika. Paka mwenyewe kanona bure, hata panya hajui.

Apolinary akapitisha sumaku mlangoni. Juu inanata, chini inaanguka. Puti, mzee, hapa chini ya rangi ni puti ya kuzibia matundu, na kutu. Akalala chini akagonga chesesi kwa bisibisi, akatoka nywele zimejaa vumbi. Akasema chesesi nzima, injini nzima, mlango utatengenezwa. Nikamwambia hayo yote nilishayaona nikiwa getini. Hajui kitu. Suruali haikuchanika, lakini hajui kitu.

Nikasema haya, ainuke sasa. Mama Noela akaingia mwenyewe, akavuta choki, akawasha. Ee! Likakohoa, likatema moshi, likanguruma. Sauti ile ile ya matopeni. Bati la banda lilitetemeka na kifua changu pia. Macho yakaniwasha – moshi ule.

Mayala kaenda kufungua geti, pande zote mbili. Kasimama pale na funguo za pikapu kidoleni, anazizungusha.

– Haya Baba, njoo. Barabara nyeupe.

Kuingia niliingia vizuri. Kuingia si kitu, unajiachia tu, kiti kinakudaka. Miguu mbele kama mtu aliye kitandani. Ukiwatazama watu unaona mikanda yao. Nikakanyaga klachi. Nikakanyaga tena. Klachi ya mashindano ni ngumu, kila mtu anajua. Mguu ukafika nusu, ukatetemeka, ukarudi. Nikaushika gotini kwa mikono miwili nikausukuma. Wapi!

Nikazima injini. Nikawaambia nataka kulisikiliza likiwa kimya. Kimya kinaonyesha mengi.

Apolinary akauliza kimya kinasemaje. Mjinga.

Basi nikataka kushuka. Mkono mmoja mlangoni, mwingine kwenye kiti, nikajivuta – chini. Tena – chini! Mara ya tatu suti ikalia mahali, sijui wapi. Nikafunga mlango kwa kishindo nikasema bado nakagua.

Nimekagua usukani. Nimekagua vioo. Nimekagua paa kwa ndani, pana doa jeusi mahali kichwa cha daktari kilipokuwa kinagusa. Alikaa sana humu, doa kubwa hivyo. Kwenye kidroo kuna rozari na kopo la dawa ya kuchua. Ile ile ninayopakwa na Evelina.

Mama Noela kaleta chai. Kainama mpaka chini kunipa dirishani, kama anayelisha mtoto. Akasema polepole, wengine wasisikie:

– Marehemu naye mwishoni nilikuwa namvuta, mzee. Tulikuwa tunangoja kwanza watu wapite.

Nikamwambia marehemu alikuwa mtu wa vitabu, hakuwa na nguvu. Akasema sawa mzee. Akaongeza sukari, sikumwomba. Chai ya Wahaya nyepesi. Nimeimaliza.

Kumbe ndiyo maana kioo alifunga. Nilimtukana mtu yule Jumapili nyingi. Lakini kusalimia angeweza! Mdomo haukuwa na goti.

Fundi kaenda zake. Kule ziwani wingu limesimama jeusi, matone yameanza kwenye bati. Paka karudi juu ya boneti, ananitazama kwa kioo cha mbele. Dharau tupu. Nimepiga honi. Hakuondoka.

Mayala hayuko getini tena. Geti kaliacha wazi. Kaja karibu, hatua chache kutoka hapa, kachuchumaa. Shavu mkononi. Funguo sizioni, katia mfukoni. Hasemi kitu. Anatazama tu. Mvua inamnyeshea mgongoni wala hajali.

Jicho hilo nalijua. Nimempa mimi.

Nikamwambia kupitia dirishani: Nimechoka na safari tu.

Neno limenitoka mdomoni na nimelisikia mwenyewe.

Angekuwa mtoto wa mtu mwingine ningemfukuza. Hawa watoto wa siku hizi wanakodoa macho kama hawana kazi. Nilimpa ng'ombe wa kwanza mimi. Nilimfundisha gia mimi, kwenye pikapu ile ile, kiti chake nikakiwekea mto ili afikie klachi. Alikuwa hafiki! Alilia. Sikumcheka.

Sasa kainuka. Kaja. Kafungua mlango na kuunyoosha mkono ndani, umelowa. Hajasema neno la geti wala la mguu. Nimemwambia ngoja, dashibodi sijaikagua. Kasema sawa Baba.

Mkono hajauondoa. Naandika taratibu. Upo. Nimegeuza ukurasa – bado upo