Taa ya Wageni wa Emama Asnakech

Mpendwa Weizero Tirunesh, naomba unisaidie maana aibu inaniua. Kebele yetu, yaani ofisi ya mtaa, hapa Dessie ilitangaza kwamba ukipeleka balbu ya zamani, zile zinazounguza vidole, unapewa mpya isiyokula umeme, balbu kwa balbu, huna ya zamani hupewi kitu, na ya sebuleni kwangu ilikuwa imeungua nikaitupa, na majirani wote sebule zao zinang'aa, basi shetani akanipitia nikaingia kwa mama mkwe wangu, Emama Asnakech, ambaye mwaka wa sita huu haoni, nikafungua balbu yake nikaenda kubadilisha, mpya nikaifunga kwangu, nikijiambia kipofu taa ya nini. Kumbe nimesahau kahawa! Kila Jumapili anawakaangia majirani kahawa chumbani mwake, hakina dirisha, na desturi yake ni kuwasha taa, kuinua kiganja asikie joto la balbu, ndipo aseme, "Karibuni wanangu." Sasa Jumapili tatu anawasha, anainua mkono, anauteremsha, anasema, "Umeme umekatika, wanangu, tunyweni hivihivi," huku redio yake imechomekwa ukutani inaimba, nao wanakunywa gizani, mmoja ameshajimwagia, na mimi nimekaa palepale nakunywa nao. Mume wangu Mesfin hajui. Je, niirudishe balbu kimyakimya?

Wubalem, Dessie

Wubalem,

Pole, ingawa pole yenyewe nakupa nusu. Hukuona haya? Ile taa haikuwa ya macho yake, ilikuwa heshima yake kwa wageni, nawe umekwenda kuitundika sebuleni kwako ili majirani wakusifu.

Hiyo kimyakimya ifute. Balbu mpya haitoi joto kama ile. Utairudisha, atainua kiganja asisikie kitu, aendelee kuwaomba radhi watu waliokaa kwenye mwanga.

Halafu hebu tulia ufikiri. Redio ilikuwa inaimba, bibi wewe! Mama anayepima taa kwa kiganja atashindwa kujua umeme upo? Anajua balbu haipo, na anajua nani huingia chumbani mwake. Jumapili tatu amekusitiri mbele ya majirani zako.

Leo hii fungua balbu ya sebuleni, ifunge kwake, kaa gizani wewe. Piga magoti umwambie ulichofanya, kisha kamwambie Mesfin. Na Jumapili, kabla wageni hawajaketi, simama karibu naye useme kwa sauti, "Emama, inawaka." Kama bado anakuamini, atasema karibuni.