Kura Ambayo Lowell Trasker Hakuipiga

Mwaka umetimia leo, Lowell, tangu tukuzike kule Millbrook, na bado nageuka mezani kukuuliza kama kahawa imepoa.

Ulikuwa mpole mno kwa mwanasiasa. Miaka ishirini na miwili katika Bunge la jimbo, mtu wa chama cha Republican anayetetea wafanyakazi na haki za watu weusi! Wenzako wa chama walikuita msaliti, wapinzani wakakwambia basi hamia kwetu. Ulikataa. Ulisema nyumba hairekebishwi na aliyeihama. Mimi nilisema umenaswa. Ulicheka tu, ukaendelea kupiga pasi shati lako mwenyewe.

Mswada wako wa kuzuia ubaguzi kazini uliuandika upya kwa miaka tisa. Kila Jumamosi ulikuwa kwa akina Pettway, ukila mkate wa mahindi na kuandika aliyokusimulia Ezell, baba wa nyumba ile, mfanyakazi mweusi wa kiwanda cha chuma. Aliwafundisha vijana wa kizungu kuyeyusha chuma kiwandani, wakapandishwa cheo, yeye akaachwa na ufagio.

Kisha mbunge mwenzako Harlan Stroud akalazwa hospitalini. Aliupinga mswada, lakini alikuwa rafiki yako. Desturi yenu bungeni, mtu akiugua, mmoja wa upande wa pili humpa mkono kwamba naye hatapiga kura mpaka mgonjwa arudi, ili kura zao zifutane. Ulimpa mkono bila kuuliza mswada upi, kwa kuwa wako ulipangiwa mwezi uliofuata. Viongozi wa chama chako waliposikia, wakauleta mswada wako Alhamisi ya wiki ileile, wakijua huwezi kuupigia kura.

Ulimpigia Harlan simu, ukamwomba akuachilie.

"Ahadi ni deni, Lowell," alisema, akakata.

Alhamisi hiyo ulikaa kitini bungeni saa nzima, mikono mapajani, jina lako likiitwa nawe hupigi kura. Mswada ulipungukiwa kura moja.

Ezell alikungoja mlangoni pa Bunge. "Mheshimiwa, Stroud ulimpa neno lako. Sisi ulitupa nini?"

Mswada ulipita miaka minne baadaye, Ezell keshastaafu akiwa bado mfagizi. Nilikukasirikia, Lowell. Hata leo nimekukasirikia, na ninakupenda.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Marian, wanao Ruth na Dell, dada yako Cora, na Bwana Ezell Pettway, aliyetuomba jina lake liwemo katika tangazo hili. Nilimuuliza kama amekusamehe.

"Bado, mama," alisema. "Lakini haipiti siku nisimkumbuke."

Nasi vivyo hivyo, Lowell, siku zote za maisha yetu.