Matairi ya Mashamba ya Karanga

Nachingwea, Jumatano

Bado nausikia mlio wa majani yakisagika ndani ya tairi. Mpira wa ndani ulipopasuka njiani kutoka Mbekenyera, Baba alishindilia majani humo, lori likafika likichechemea.

Alinituma dukani nichague matairi mengine, kwa kuwa najua kusoma namba. Aina tuliyoizoea haijaletwa na meli. Yaliyopo yamevuliwa kwenye magari ya mashamba ya karanga, na yana nyufa pembeni.

“Subiri mwezi ujao, binti,” alisema mwenye duka.

“Dada ana uchungu tangu jana. Mkunga anataka apelekwe hospitali ya misheni.”

“Basi chukua haya, ila usimwambie baba yako kwamba nilikushauri mimi.”

Naziogopa zile nyufa, lakini majani nayaogopa zaidi. Nilichukua matairi mawili. Jioni hii Baba ameondoka nayo kwenye lori, dada amelazwa nyuma juu ya godoro langu.