Waya ambao sikuukata

Beni, Alhamisi. Kila nikitoka Butembo joto la hapa hunishika shingoni, na leo limenikuta nimechoka na nimekasirika. Kucha zangu ni nyeusi. Sijaziosha, kwa makusudi.

Nimefika kwa kuendesha mwenyewe. Naandika hivyo kwanza, kabla mtu mwingine hajaisimulia safari hii kwa namna yake.

Tangu baba afanyiwe upasuaji wa ngiri, basi letu dogo liko mikononi mwangu. Baba mdogo Issa, mwenye magari yake kwenye barabara hii hii ya Butembo na Beni, hakuipenda habari hiyo hata kidogo. Alimwambia baba kwamba nikishindwa safari moja tu, gari linakuja kwake. Baba alikubali. Hakuniuliza.

Asubuhi tulikuwa tumeshapakia na abiria wameshakaa. Nilipokuwa nashuka kutoka mtaa wa Rughenda kuelekea barabara kuu, taa nyekundu ikawaka na kengele ikaanza kulia. Maana yake ni moja: maji ya kupozea injini yamepungua. Nikaegesha kando. Baba mdogo alikuwa nyuma yangu na gari lake, akaja akicheka.

“Hii kengele iko na makelele ya bure. Kata ile waya, Mademoiselle, tuende!”

Kwetu ndivyo inavyofanywa. Milima yetu hutikisa maji kila kona na kengele hulia bila sababu, kwa hiyo gari likinunuliwa, waya huo hukatwa kabla halijabeba hata kiazi kimoja. Baada ya hapo dereva hutegemea pua yake: akisikia harufu ya kuungua, anasimama penye kijito na kujaza maji. Gari la baba tu ndilo lililosalimika, kwa sababu nilimkatalia.

Nikafunua injini. Kwenye chupa ya plastiki inayohifadhi maji, mstari wa kahawia, kama usawa wa maji, ulionekana palepale unapotakiwa kuwa.

“Si unaona? Maji iko!”

Abiria wote waliona. Mimi pia niliona, na kwa muda nilijichukia. Labda ni kweli. Labda ninachokiita uangalifu ni woga tu, woga uliopelekwa shule.

Kisha nikaegemea bampa na kulitikisa gari. Likayumba. Mstari ule haukucheza hata kidogo.

Maji yoyote yangecheza.

Nikasema tutangoja injini ipoe, kwa sababu ukifungua mfuniko ikiwa moto, mvuke unakurukia usoni. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Mama Kavira, anayeuza puaro, vile vitunguu vya majani marefu vinavyolimwa Masereka, alitoa kichwa dirishani: “Ye mama! Puaro yangu itaoza hapa, na weye unangojea gari ipumuzike kama muzazi?” Watu wakacheka. Baba mdogo akampigia baba simu na kuongeza sauti ili wote wasikie. Baba alisema kwa uchovu, “Binti yangu, mupe Issa ufunguo.”

“Hapana, baba.”

Sijawahi kumjibu hivyo maishani. Nikautia ufunguo kifuani, chini ya mtandio, mahali ambapo baba mdogo hawezi kuufuata. Abiria kadhaa wakashuka, wakajibana kwenye gari lake. Akaondoka nao akipiga honi.

Injini ilipopoa, nikafungua mfuniko na kumwomba Mama Kavira jani moja refu la puaro. Nikalitumbukiza ndani ya chupa hadi chini.

“Sasa unapika?” akaniuliza.

Nikalitoa na kumpa alishike. Kavu. Ule mstari wa kahawia ulikuwa tope la miaka mingi, tope la vijito vyote tunavyoteka, limegandia kwenye plastiki. Chupa ilikuwa tupu.

“Basi gari ingetuachia kule Kalunguta,” alisema polepole. Hakucheka tena. Hakuna anayetaka gari limzimikie kule, ambako wenye bunduki huvizia magari.

Nikajaza maji safi, nikawasha injini, nikalala chini ya gari juu ya gunia. Tone moja, kisha jingine, kwenye bomba la chini la rejeta. Palipotakiwa kuwa na kibano cha chuma palifungwa utepe wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Mafundi wetu wote hufanya hivyo. Kilichoniuma ni fundo: limekunjwa mara mbili na ncha zake zimefichwa ndani, jinsi baba anavyofunga kila kitu, hata viatu vyangu nilipokuwa mdogo.

Nikazima injini na kungoja tena. Kisha nikalifungua fundo lile.

Kibano nilikipata kwenye kibanda cha vipuri ng’ambo ya barabara, pamoja na antijeli, dawa ya kuzuia maji ya injini yasigande, ambayo muuzaji aliifuta vumbi kwanza. “Butembo iko na teluji?” aliniuliza. Nikamwambia inazuia pia maji kuchemka na chuma kuliwa na kutu. Nikakaza, nikajaza, nikawasha, nikalala chini tena.

Hakuna tone.

Tukaja Beni na nusu ya abiria. Kengele ilinyamaza hata kwenye kona mbaya. Mama Kavira aliposhuka aliniambia, “Kesho uniwekee kiti ya mbele,” kisha akaenda zake na magunia yake.

Baba mdogo nilimkuta kwenye maegesho, amefika zamani. “Unaona?” alisema. “Hakuna kitu ilifanyika.” Hilo ndilo linaloniudhi. Siwezi kumwonyesha mtu ajali ambayo haikutokea. Na sitajaribu.

Baba hajapiga simu. Najua kesho nikifika nyumbani atanyoosha mkono akidai ufunguo. Nitampa yeye, si mdogo wake, na nitamwambia mbele ya wote kwamba fundo lake lilikuwa linavuja. Je, nitaweza kulisema hilo nikimtazama usoni?

Nitalisema. Kisha nitamwomba anirudishie ufunguo.