Kifuniko cha Jeneza la Buyenzi

Liège, 4 Machi 2024

Shangazi yangu Khadidja,

Asalaam aleikum. Nianze na Bibi: kifua chake kinaendeleaje? Na duka je, pièce za gari zinafika na ukosefu huu wa mafuta ya essence? Mi mzima, baridi tu ndiyo haijaniacha.

Nina habari. Maktaba ninapofanya kazi imepewa makaratasi yote ya kampuni moja ya zamani ya bima, iliyofika hadi bandarini kwetu. Masanduku mia nne: mikataba, mabango, kalenda, majedwali ya vifo. Wamenipa mimi niyapange kwa sababu najua Bujumbura. Kuna mkataba wa mwaka 1954: marobota ya pamba yamekatiwa bima, boti imekatiwa bima, na chini wameandika kwamba wapagazi hawahusiki. Nikamkumbuka Babu na wenzake, walivyoanzisha kikundi cha kuzikana baada ya mpagazi mwenzao kuzama na kukosa hata sanda.

Juni kutakuwa na maonyesho ya historia ya bima. Niliwaambia wakubwa kwamba historia hiyo haiishi kwenye kampuni. Sasa wanaomba kifuniko cha jeneza cha kikundi, kile kitambaa cha kijani chenye kalima alichokishonesha Babu. Mpaka mwisho wa Agosti tu. Nakuomba sana.

Mtoto wako,
Tajudini

Buyenzi, 29 Machi 2024

Mutoto wa kaka yangu,

Waaleikum salaam. Bibi yako anakula uji na kugombana na kila mutu, kwa hiyo hajambo. Essence usiulize.

Ile ya marobota nimeisoma mara mbili. Mi nilianza biashara na ndoo moja ya boulons, bolti za gari, najua kupima hatari. Lakini kupima robota na kuacha kichwa kilicholibeba, ile si hesabu, ni uchafu. Na nyinyi munaupangusa vumbi na kuuweka kwenye sanduku safi!

Kikundi kimekubali kwa ajili yako. Massoudi, mukubwa wetu, amesema wa huko nao waone kwamba tulijua kubebana. Mi nimesema Agosti ni Agosti. Bibi yako anataka kwenda kaburini chini ya ile kitambaa kama mume wake, na kama baba yako. Ana miaka themanini na saba. Usinilazimishe kuhesabu zaidi.

Fomu yao uliyotuma nimejaza. Waliuliza mwenye mali ni nani. Nimeandika ukweli: haina mwenyewe, ni wakfu, ya Mungu na ya maiti. Amissi wa kikundi chetu anasafiri kuja huko Jumanne, atakuletea kitambaa mukononi. Usiiweke chini. Ikifuliwa, maji yake yamwagwe mahali watu hawakanyagi.

Shangazi yako,
Khadidja

Liège, 20 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Salaam nyingi kwako, kwa Bibi, kwa jirani Dévote na wote wa mtaa wetu. Poleni na foleni za essence.

Jana tulifungua. Angalia picha! Kifuniko kimepata chumba chake, taa yake, kioo chake. Seremala wa hapa alitengeneza jeneza la mfano ili watu waone kinavyolala. Usijali kuhusu kufua, hapa hawafui: kwanza kiliwekwa kwenye friji kubwa wiki mbili ili wadudu wafe. Na wamekikatia bima, Shangazi, euro elfu sita! Watu walisimama pale muda mrefu kuliko kwenye mabango yote.

Mtoto wako,
Tajudini

Buyenzi, 2 Julai 2024

Tajudini,

Salaam. Tuko wazima, ila Bibi yako sasa halali vizuri, anahema.

Picha nimeiona. Kuna muzungu ameegemeza kiwiko juu ya kioo, na mukononi glasi ya mvinyo. Mbele ya kalima! Nimetema mate, na nilikuwa ndani ya nyumba yangu. Friji, Tajudini? Kama nyama ya mbuzi? Na jeneza la uongo, lisilo na mutu, la kuchezea!

Halafu bei. Chini ya ile kitambaa wamepita watu mia tatu na kumi na mbili. Gawanya elfu sita. Kila maiti wetu wamemuweka euro kumi na tisa, na baba yako ni mumoja wao. Nani aliwaomba bei?

Irudishe sasa. Agosti ni mbali. Mama anaiuliza kila asubuhi, na mi ninamuambia iko njiani. Mi sina desturi ya kudanganya, hata kwa wateja.

Shangazi yako,
Khadidja

Liège, 15 Septemba 2024

Shangazi,

Asalaam aleikum. Nisamehe kimya. Naomba Mungu Bibi awe amepata nafuu.

Nimegombana nao miezi miwili. Wanasema anayedai kitu lazima awe mwenyewe, na fomu yetu inasema hakina mwenyewe. Kwa hiyo kimeingizwa kwenye mkusanyiko wa bima, kimepewa namba, hakitoki tena. Nimewaeleza wakfu ni nini: hauuzwi, haurithiwi, haumilikiwi, lakini una watu wake. Mwanasheria wao akasema, basi Mungu atuandikie barua. Walicheka. Mi pia nilicheka kidogo, Shangazi, sijui kwa nini.

Dini haidai kifuniko. Hata kitambaa kingine kinatosha, sivyo?

Mtoto wako,
Tajudini

Liège, 10 Novemba 2024

Shangazi,

Nimeona kwenye simu, kwa picha alizoweka Amissi, kwamba Bibi amezikwa. Wiki nzima imepita! Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Kwa nini hakuna aliyeniambia? Nilikosa nini?

Tajudini

Buyenzi, 1 Desemba 2024

Tajudini,

Salaam. Hapa hatujambo, tunaoweza kusema hivyo.

Umeuliza ulikosa nini. Ulicheka kidogo. Kidogo ni ngapi?

Na dini usinifundishe. Najua kitambaa si faradhi. Mama pia alijua, lakini alikiomba.

Gari haikupatikana, essence hakuna, tukamubeba mama kwa mabega. Jeneza lilikuwa tupu juu, mbao zinaonekana, na mvua ikaanza. Hapo Dévote, muprotestanti, akavua imvutano yake, ile nguo ya begani ya siku kubwa, ya njano na maua, akaitandika juu ya mama. Shehe akakohoa. Tulienda na mama hivyo hadi kaburini. Ile nguo Dévote hakutaka kuirudisha nyumbani. Nimeifua mi mwenyewe, na sasa ni ya kikundi.

Baada ya khitima tulikaa. Mi niliomba jina lako litolewe kwenye kikundi. Nilisema: huyu alichukua kitu cha maiti akawapa wacheza na maiti, akaona aibu badala ya hasira, akifa, wamzike wale wa friji. Nikanyoosha mukono wa kukutoa. Nilikuwa peke yangu. Massoudi akasema, "Dada Khadidja, huyu ni mutoto wetu. Maiti haulizwi alifanya nini." Wengine wote wakamufuata. Hata Amissi!

Kwa hiyo ungali kwenye kikundi. Siku yako ikifika, watakubeba vizuri.

Usiniandikie kunishukuru. Mukono wangu sijaushusha.

Shangazi yako,
Khadidja