Kitanda cha Neema Bwenini

Tororo, Jumapili mchana

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo Mwatate? Goti lako linaendeleaje, na ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeifungia kabatini kama ile nyingine? Mimi mwili ni mzima, kichwa ndicho kimevurugika. Ningekupigia simu, lakini najijua, ningelia kabla ya kusema neno, na mwanangu Neema angekuwa hapo kando yako akisikiliza. Barua hii nampa dereva wa trela anayeshuka Mombasa, ataiacha Voi dukani kwa mjomba. Isome peke yako kwanza, maana inahusu safari ya Neema kuja kuanza chuo.

Mlisikia redioni kwamba ardhi ilitetemeka huku? Kazi yangu unaijua, matroni wa bweni la wasichana katika tawi hili la chuo kikuu. Usilolijua ni kwamba nyuma yetu kuna machimbo ya mawe. Wakitaka kulipua baruti hupiga king'ora, na sisi sote hukimbilia chini ya paa, kwa sababu vipande vya mawe huruka hadi uani. Miaka sita nimewafokea wasichana "Ndani! Ndani!" mpaka neno lenyewe hutoka bila mimi kufikiri.

Basi Jumamosi moja, saa nane mchana, wasichana wako uani wanafua. Ardhi ikanguruma, maji yakaanza kucheza kwenye mabeseni. Sikusikia king'ora, nikadhani wamesahau kukipiga. Nikapaza sauti: "Ndani!" Wakaacha nguo, wakaingia mbio. Mama, pale nje walikuwa salama. Mimi ndiye niliyewaingiza. Ukuta wa safu ya nyuma ya vyumba ukapasuka kutoka dirishani hadi kwenye paa, na matofali yakamwangukia msichana mmoja wa kijiji cha Nabuyoga, Athieno, yakamvunja mfupa wa bega.

Hospitalini nilimwomba radhi huku nikilia. Akashangaa.

"Matroni, wewe hapana kosa. Mimi sijui mambo ya baruti. Wewe nasema ingia, mimi naingia."

Afadhali angenitukana.

Chuo kikaleta mtaalamu wa majengo. Akatufundisha: tetemeko likikukuta nje, baki nje, mbali na kuta. Likikukuta ndani usikimbie, ingia chini ya meza, ufunike kichwa. Nikamuuliza, na bwenini, ambako hakuna meza, kuna vitanda vya ghorofa tu? Akasema mtu achutame kando ya kitanda. Na kitanda kikianguka? Akatazama saa yake. Akagonga kuta kwa ngumi, akasema jengo ni zima. Nyufa zikapigwa plasta, zikapakwa rangi, na mimi nikaambiwa nifungue safu ya nyuma Jumatatu, si ya kesho, ile ya wiki ijayo.

Juzi fundi aliyepiga hiyo plasta, mzee Okoth, akanivuta pembeni.

"Matroni, hii nyumba mimi najenga. Huku mbele linta iko. Nyuma simiti nakwisha, sisi naweka matofali tu. Ikitingisha tena, hiyo ukuta hapana simama."

Linta ni ule mshipi wa zege unaofunga kuta juu ya milango. Nikamwambia aende kwa mkuu wa chuo akaseme. Akanishika mikono yote miwili, akanisihi nisimtaje, atafungwa. Sasa nimsadiki nani? Mmoja ana vyeti, mwingine ndiye aliyepanga matofali. Usiku namwamini huyu, asubuhi namwamini yule.

Orodha ya vitanda naandika mimi. Neema nilikuwa nimempa kitanda cha nyuma, karibu na dirisha, kama alivyoniomba. Jana nikamfuta, nikamwandika safu ya mbele. Sikusita hata kidogo, nilimshukuru Mungu kwamba kalamu iko mkononi mwangu. Lakini mbele kumejaa, ilibidi nitoe mtu. Baadaye nikalisoma lile jina nililolipeleka nyuma. Nililiandika kwa mkono wangu, Mama, na wala sikuliona. Ni Athieno.

Usimpandishe Neema basi mpaka nikuambie. Sababu usimweleze, atadhani simtaki huku. Au mweleze. Sijui, amua wewe. Nisalimie mjomba wa dukani, dada yangu na kwaya yake, na jirani anayekukamulia ng'ombe.

Uniombee nipate neno la kumwambia mkuu wa chuo bila kumfungisha mzee wa watu. Maana nikinyamaza, Jumatatu Athieno atafika mlangoni, mkono umefungwa kifuani, aniulize alale wapi. Nikimwonyesha kule nyuma, ataingia.

Ni mimi mwanao, niliyechanganyikiwa,
Wakesho