Alhamisi Niliyochanganya Mgongo na Miguu

Bagamoyo, Jumanne, Julai 1954

Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ya kiasi cha kumfanya mtu avae shati la pili. Leo hakuna kiungo hata kimoja kinachoniuma. Kwa mtu wa miaka arubaini na saba hiyo ingekuwa habari ya kushukuru, lakini kwangu maana yake ni kwamba tangu Alhamisi sijagusa chuma.

Daftari hili nimelizoesha vipimo vya nguo za watu. Leo nalilazimisha kupokea aibu ya mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni kukaa. Miguu hukanyaga, ndiyo, ila kukanyaga cherehani hakumpi mtu mapaja, kunampa visigino vyenye bidii. Mgongo umeinama miaka ishirini na tano. Mke wangu, Bi Tatu, husema hata nikisimama wima bado nafanana na mtu anayetafuta sindano.

Mama yangu alipatwa na kiharusi mwaka jana, siku chache baada ya Idi. Upande wa kulia ukalala. Ulimi nao ulilala kidogo, kisha ukaamka mkali kuliko ulivyokuwa. Kila asubuhi mimi ndiye nimtoaye kitandani hadi kwenye mkeka wa uani, na jioni nikamrudisha. Ijumaa ni safari ndefu zaidi: chumbani, ukumbini, kuvuka kizingiti cha mlango mkubwa, kushuka vidato viwili, hadi barazani. Tangu nipate akili, mama hukaa baraza ile kila Ijumaa watu wakitoka msikitini. Vijana humpa shikamoo, wazee wenzake humpa habari za wagonjwa, naye huona nani kaja kuswali na nani kajificha. Akiikosa Ijumaa, wiki yake yote imeharibika.

Na mama si mwepesi.

Siku ya kwanza nilipombeba nilitoa sauti ambayo sikuipenda, naye akaisikia. Nikamwambia nimekohoa. Tangu hapo kila nikimnyanyua humwambia, "Mama, wewe mwepesi kama kitambaa cha melimeli." Kisha mwaka huu nikaenda kutafuta nguvu za kuufanya uongo ule uwe kweli.

Nguvu zinapatikana uani kwa Petro. Petro ni jirani yetu wa nyumba ya tatu, mtu wa Songea, alipigana na Wajapani kwenye vita vya Bama akarudi na kifua na cheo cha sajini. Kifua anacho mpaka leo. Huko jeshini alifundishwa kunyanyua vyuma, na hapa amejitengenezea chake: bomba, na kila ncha kopo la rangi lililojaa saruji. Mimi nilichangia pasi yangu ya mkaa, ambayo ikiwa baridi ni nzuri sana kwa kukunja mkono.

Petro aliniambia mwili una wakubwa watatu na wadogo watatu. Wakubwa ni kifua, mgongo na miguu. Wadogo ni nyuma ya mkono, mbele ya mkono na mabega. Kila siku ya mazoezi unamwita mkubwa mmoja na mdogo mmoja, unawachosha pamoja, kisha unawaacha walale. Kifua kikisukuma, nyuma ya mkono nayo inasukuma, basi hao ni siku moja. Mgongo ukivuta, mbele ya mkono inavuta, hao nao siku moja. Miguu na mabega waliobaki wakapewa siku yao, kama wageni waliochelewa wakaambiwa wale sahani moja. Akanipangia: Jumamosi miguu na mabega, Jumatatu mgongo na mbele ya mkono, Jumatano kifua na nyuma ya mkono. Alhamisi na Ijumaa kaa kitako. Sikumuuliza kwa nini. Nilidhani ni desturi za jeshi.

Mama nilimwambia nakwenda kucheza bao. Ningemwambiaje kuwa nabeba saruji ili niweze kumbeba yeye? Angejua uzito wake siku hiyohiyo.

Miezi mitano mambo yalikwenda. Sikunenepa popote, mashati yangu yananitosha vilevile, lakini kikohozi cha kumbebea mama kilipona. Nikaanza hata kujipitisha kwenye kioo cha kinyozi taratibu kidogo kuliko inavyostahili.

Ndipo ikaja harusi ya Kiwangwa. Kanzu kumi na moja, na bwana harusi anabadili tarizi kila anapoota ndoto. Jumamosi ya kabla ya hii iliyopita nikashona. Jumatatu nikashona. Jumatano nikafunga kazi nimechoka. Alhamisi nikajiona nina siku moja mkononi na mazoezi ya wiki nzima.

Petro hakuwapo, alikuwa amekwenda Kerege kumwangalia shemeji yake mgonjwa. Nikajipangia mwenyewe, na nilijipangia kifundi. Sisi mafundi tukiona vipande viwili vinafanana, twavikunja, tukavikata kwa mkasi mmoja. Nikafikiri hivi: ninapomnyanyua mama, kinachofanya kazi ni mgongo na miguu. Wanafanya kazi pamoja, basi wafanye mazoezi pamoja. Nikaona hata jeshi halikuliwaza hilo.

Alhamisi alasiri nikawakata wote wawili kwa mkasi mmoja.

Ijumaa asubuhi nilishuka kitandani kama mzigo unavyoshushwa. Bi Tatu alinitazama ninavyotembea akaniuliza, "Bao gani hilo la kukaa juu ya miguu?" Yeye anajua habari za vyuma, huniuliza hivyo kwa raha zake tu. Akaniambia, "Mwite Petro akusaidie." Nikamwambia Petro yuko Kerege. Akasema waite vijana wanaopita. Nikasema sitaki, mamangu nambeba mwenyewe.

Mama alikuwa ameshaogeshwa, kavaa kanga zake mpya, kanukia udi. Nikamwinua. Chumbani sawa, ukumbini sawa. Kwenye kizingiti nikanyanyua mguu wa kushoto, ukanyanyuka. Nikautua kwenye kidato, nikauegemea, nao haukuwapo. Goti lilikunjika taratibu kabisa, kama kitambaa kinavyoteleza mezani. Mgongo ambao ungetudaka nao ulikuwa umechoka vilevile. Tukashuka sote wawili. Nilikaa kwenye kidato, mama akakaa juu yangu, kiwiko chake kikakwaruza ukuta kikachubuka.

Watu wawili waliokuwa wakienda kuswali wakaja mbio wakamwinua. Nikawaambia kidato kina utelezi. Kidato kilikuwa kikavu.

Mama hakulia wala hakunilaumu. Alijifunika kanga vizuri, akanitazama, akasema, "Nimekuwa mzito, Mshamu."

Nikajibu, "Kidogo tu, mama."

Nimeandika maneno hayo niyaone. Ni matatu. Ningeweza kusema jana nilijichosha. Ningeweza hata kukohoa. Lakini barabarani kulikuwa na watu, na mimi ni mwanamume wa vyuma, basi nikamwachia mama kosa langu alibebe yeye.

Akaomba arudishwe ndani. Wale wawili wakamrudisha. Ijumaa ile watu walitoka msikitini wakaipa baraza tupu shikamoo, kwa mazoea.

Jumamosi hakutaka kutoka hata uani. Alisema jua kali. Hapakuwa na jua. Jumapili akasema upepo.

Jumapili jioni Petro akarudi nikamsimulia. Alinisikiliza kijeshi, bila kucheka, mpaka nilipofika penye mkasi. Hapo akacheka. "Fundi," aliniambia, "wakubwa wawili hawalali zamu moja. Ukiwalaza wote, nani analinda? Mgongo ukichoka, miguu inakubeba. Miguu ikichoka, mgongo unakushika. Wewe umelaza kambi nzima, na kesho yake ndiyo siku ya gwaride." Kumbe ile Alhamisi ya kukaa kitako aliipanga kwa ajili ya mama. Alijua, hakusema, akidhani mtu mwenye akili ataelewa.

Hayo ningeyavumilia. Jambo lililonitoa kwenye kiti ni la jana.

Jana baada ya chakula cha mchana Bi Tatu alinijia kazini, na yeye haji kazini bila sababu. Akasimama mbele ya cherehani. "Mamako hali. Jumamosi mhogo nusu. Jana wali matonge mawili. Leo uji vijiko vitatu, kausukuma. Namuuliza unaumwa? Hapana. Chakula kibaya? Hapana. Nimembana mpaka kasema." Nikaacha kukanyaga. "Kasema, 'Nampunguzia Mshamu kazi.'"

Nilishona kanzu ile ya mwisho bila kuona mshono. Leo asubuhi nimeifumua mkono mmoja.

Mchana huu nikaenda chumbani kwake na sahani mwenyewe. Samaki wa kupaka, wali, na kisamvu. Nikaiweka chini, nikakaa kwenye mkeka, nikamwambia yote tangu kopo la kwanza. Nilisema haraka, kama mtoto anayemeza dawa. Mama alinisikiliza macho yakiwa dirishani.

"Kwa hiyo bao hujui," akasema.

"Sijui, mama."

"Nilishangaa. Mtu miezi mitano anacheza bao, hana hata siku moja aliyorudi akijisifu." Akanigeukia. "Hiyo saruji uliibeba Alhamisi."

"Naam."

"Na mimi Ijumaa."

"Naam, mama."

"Saruji imenizidi nini hata ikatangulia?"

Akaniambia nisogee, akanibinya mkono juu ya kiwiko kwa vidole vyake vya kushoto, mara mbili, kama anayechagua papai. "Mbona mkono ni uleule?"

"Petro anasema unakwenda taratibu."

"Petro ana adabu." Kisha akaniuliza, na sasa sauti yake haikuwa ya utani. "Hicho chuma kizito kuliko mimi?"

Hapo ndipo nilipotaka kuchukua melimeli yangu. Ilikuwa imeshafika ulimini. Nikaimeza.

"Hakijakufikia, mama. Wewe umekizidi kwa mbali."

Aliinamisha uso. Nikadhani nimemaliza kuharibu. Kumbe alikuwa anacheka, kicheko cha upande mmoja wa mdomo, mabega yanamtikisika, na kanga ikamteleza kichwani. "Basi hukuniangusha kwa uzito," akasema. "Uliniangusha kwa ujinga."

"Kwa ujinga, mama."

"Ujinga naujua. Nimekulea nao." Akauvuta ukingo wa sahani. "Siku nne nakufa njaa kwa ajili yako, na wewe unanitazama."

Alikula. Mkono wa kushoto hauna mazoea, kila tonge lina safari, na mimi sikumsaidia kwa sababu hapendi. Alimaliza samaki upande wa juu, akaniashiria nimgeuze, akamaliza upande wa chini. Kisamvu kikaisha. Bi Tatu alichungulia mlangoni mara mbili, mara ya pili akaja na wali zaidi bila kuulizwa, na mama akaupokea bila kusema anampunguzia nani kazi.

Aliponawa nilimuuliza kuhusu Ijumaa. Niliuliza nikiwa nimeinama, nakusanya miiba.

"Utanitoa," akasema. "Petro akae kidatoni. Sitaki anibebe, nataka akae tu pale, nione kichwa chake." Akajilaza. "Na ukiniangusha tena, Mshamu, naapa nitanenepa."

Sasa ni baada ya alasiri, manyunyu yamekatika, na bwana harusi wa Kiwangwa hajaja na ndoto mpya. Sijui kama goti litakuwapo nitakapoliegemea. Sijui pia kama mama haogopi. Kumtaka Petro akae kidatoni si maneno ya mtu asiyeogopa, nami sitamwambia kuwa nimeliona hilo. Ninachojua ni kwamba leo usiku atakula, na Ijumaa atakuwa mzito kamili.

Kesho ni Jumatano. Kifua na nyuma ya mkono, kwa kiasi. Keshokutwa sinyanyui kitu kizito kuliko sindano.